Kufuli la Mrefu

3 Februari

Mwanangu, fundi wangu,

Salamu nyingi kama mvua ya huku, maana tangu Jumapili haijakatika. Mimi mzima, miguu tu inavimba jioni. Paa linavuja pale pale juu ya kitanda. Nimesogeza kitanda, fundi ninaye lakini yuko mbali. Jogoo amegongwa na pikipiki, tumemla, alikuwa mgumu kama roho ya marehemu baba yako, Mungu anisamehe.

Naandika kwa sababu simu siiwezi. Sikio la kushoto baba yako aliliua kwa kofi moja, na la kulia nalo linasikia linapotaka. Nikishika simu napiga kelele mpaka jirani ananijibu kabla yako. Ukuta wetu na wao ni mbao tupu, na nitakayokueleza si ya kupigia kelele.

Shoga yangu Mama Mrefu, huyo wa upande wa pili wa ukuta, anakushukuru mpaka analia. Ameinamia cherehani miaka yote hii, leo mwanawe ni fundi wa kiwandani, tena kwa mkono wako. Mimi ndiye niliyekusumbua umtafutie kazi, basi na mimi napewa shukrani, juzi kanishonea gauni.

Lakini mumewe, yule mwenye bucha, hataki kusikia. Alitaka mtoto akate naye nyama. Ijumaa alimng'oa mkewe meno mawili kwa ngumi moja, eti kwa nini alimruhusu aende. Niliyasikia yakidondoka kwenye sakafu. Nikatoka na sufuria ya maji ya moto, nikamwambia, "Shemeji, sogea hatua moja nikuchemshe kama utumbo." Hakusogea. Akaniambia tu, "Wewe na binti yako mmeniibia mtoto."

Niambie, hiyo mashine mnayofanyia kazi inauma? Mama Mrefu anauliza. Kusoma hajui, kwa hiyo mimi na darasa langu la nne ndiye profesa wake. Andika maneno mepesi.

Mama yako


1 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na paa, pole na jogoo. Mimi nipo salama, chumba changu kina dirisha sasa. Mwambie Mama Mrefu kijana wake amenenepa mashavu. Wenzetu wanamtania ainame asije akazima taa kwa kichwa, naye anawajibu kwamba wao wafupi ndio wanaovuta vumbi la sakafuni.

Mashine inauma, Mama, sitakudanganya. Ni mkono mmoja wa chuma, mrefu kuliko mlango, umekaa ndani ya kizimba cha wavu. Unaokota maboksi ya sabuni kwenye mkanda na kuyapanga. Hauchoki na hauoni. Wiki iliyopita vumbi liliingia kwenye kihisi, ndilo jicho lake, ukalipiga boksi kwenye wavu sabuni ikaruka hadi darini.

Kwa hiyo mtu haingii humo mpaka azime swichi kuu na aifunge kwa kufuli lake. Kila fundi ana lake, jekundu, lenye kibati cha jina, na ufunguo ni mmoja tu, uko mfukoni mwake. Kufuli likining'inia pale, hata mkurugenzi haruhusiwi kuwasha. Kibati cha kijana wetu kimeandikwa MREFU, kakichora mwenyewe kwa msumari. Na ndiye anayetuchosha kuliko wote: analifunga, analivuta, anaondoka hatua mbili, anarudi kulivuta tena.

Mwambieni mama yake alale. Yeye anatoka zamu saa nane mchana, na anayempokea ni mimi.

Binti yako


27 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu. Mimi nipo. Tumemzika Mrefu Alhamisi.

Jeneza lililetwa limepigiliwa misumari pande zote, na karatasi juu yake kwamba lisifunguliwe. Baba yake akaitazama ile karatasi, akaingia ndani, akatoka na shoka lake la kupasulia mifupa. Watu wakamshika mikono, akawatupa kama vitambaa. Pigo la kwanza, la pili, la tatu, kifuniko kikapasuka. Nilikuwa karibu, nikaona alichokiona. Kifua cha yule mtoto kilikuwa kimeingia ndani kama debe lililokanyagwa. Yule mzee akaanza kuzihesabu mbavu kwa kidole, kama anavyohesabu za mbuzi mezani kwake. Alipofika ya nne akaacha, akafunika.

Kisha ikaletwa barua ya kiwanda. Msomaji nani? Mimi. Nikasimama mbele za watu nikasoma kwamba aliingia kwenye mashine bila kufunga swichi, kinyume cha kanuni, kwa uzembe wake mwenyewe. Nilipolitamka hilo neno uzembe, baba yake alinipokonya karatasi akaisokomeza mdomoni mwa mkewe. "Kula," anamwambia, "kula ulichozaa." Alikuwa anaisukuma kwa dole gumba, mama wa watu macho yamemtoka. Wanaume sita ndio waliomtoa juu yake.

Nilikutafuta kwenye gari lililoleta maiti. Dereva akasema upo zamu. Zamu gani, mwanangu, siku ya kumzika mtoto uliyempeleka huko wewe mwenyewe?

Nisamehe, nina hasira na usingizi sina. Niandikie ilikuwaje. Mama Mrefu ananiuliza kila siku.

Mama


19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini mvua imepungua.

Ilikuwa kama barua ya kiwanda ilivyosema. Alisahau kufuli. Inatokea hata kwa wazuri.

Nimehama chumba. Namba ile ya simu nimeizima, watu walikuwa wananisumbua. Ukiandika, mpe dereva wa basi lile lile linaloleta barua zetu, nitaichukua kwake stendi. Niliumia kidogo kichwani, niliteleza kwenye ngazi, nyuzi saba, zimeshatolewa.

Kazi inaendelea. Usiniulize zaidi ya hapo, nakuomba.

Binti yako


8 Mei

Mwanangu,

Salamu. Kuku mweupe ametotoa kumi na mmoja, mwewe kachukua wawili. Binamu yako mshona viatu anaoa, usijisumbue kuja.

Sasa nisikilize. Uliteleza? Mimi niliteleza miaka kumi na sita nikiwa na baba yako. Niliteleza kwenye ngazi wakati nyumba yetu haina ngazi. Daktari akiniuliza namwambia mlango, na wewe mdogo umesimama pembeni unanitazama ninavyodanganya. Leo unanirudishia mimi mwenyewe maneno yangu! Nani kakupiga?

Na hili la kufuli. Uliniandikia mwenyewe, barua ninayo hapa chini ya mto, kwamba yule mtoto alikuwa anafunga, anavuta, anarudi kuvuta tena. Mwezi haujaisha amesahau? Mimi shule sikufika mbali lakini kusoma nakuweza.

Nakuambia kwa nini siachi kuuliza. Mama Mrefu sasa analala kwangu. Mumewe kamvunja mkono wa kulia, wa cherehani, ameuweka kwenye kizingiti akaukanyaga. Kila akilewa ni neno moja, "Umenizalia mzembe. Mwanangu hakufa, amejiua kwa ujinga uliomfundisha wewe." Na yeye, shoga yangu, ameshaanza kuamini. Jana kaniambia, "Kweli, nilimdekeza." Alisema hivyo huku nikimlisha kwa kijiko.

Mwanangu, kama kuna kitu kiandike kwenye karatasi ya peke yake. Nitaisoma, nitaichoma. Mimi ni mama yako, nimekutoa matako kwanza, utaniogopesha na nini?

Mama


30 Mei

Mama,

Shikamoo. Hii ndiyo karatasi ya peke yake.

Alifunga.

Nilifika saa nane na dakika ishirini, nimechelewa. Mashine imesimama, maboksi yamejaa mkanda mpaka yanaanguka, malori manne yanasubiri nje, na kufuli la Mrefu linaning'inia kwenye swichi. Msimamizi wa zamu ananipigia kelele usoni, mate yananirukia, "Kijana wako kaondoka na ufunguo! Kata hilo dude!" Nikaenda kutazama kadi za kuingilia na kutokea kazini. Kadi yake ilikuwa imegongwa, ametoka saa nane kamili.

Sasa sikia, Mama. Kiwandani kwetu msimamizi hugonga kadi za watu wote ikifika saa nane, hata kama bado mko ndani, ili vitabu vyake viwe safi kwa wakubwa. Sote tunajua. Mimi mwenyewe nimewahi kulala chini ya mashine huku kadi yangu ikisema nimeshaenda nyumbani. Nilijua, na bado niliiamini ile kadi.

Kanuni inasema uzunguke kizimba chote, utazame kwa macho yako, umpigie mwenye kufuli. Mimi niliita mara moja, "Mrefu!" Kelele za pampu ya hewa zilikuwa nyingi, na yeye alikuwa amechuchumaa nyuma ya nguzo, masikio ameyaziba kama tunavyotakiwa, anabadilisha vikombe vya kunyonyea maboksi. Vikombe vile vile nilivyomwachia ujumbe avibadilishe.

Nikachukua mkasi mkubwa wa kukatia chuma nikalikata, nikawasha swichi. Msimamizi alisema kata, lakini mikono ilikuwa yangu.

Ule mkono ukiwashwa, kabla ya lolote hurudi kwanza mahali pake pa kuanzia. Hapo ndipo alipokuwa. Ulimkandamiza kwenye nguzo, taratibu, maana ukianza huwa hauna haraka. Akaita, "Dada!" Nikapiga kitufe chekundu. Ukasimama, lakini ulisimama juu yake, na haukutoka mpaka tulipofungua breki kwa spana. Dakika kumi na moja. Nne za mwanzo alikuwa ananitazama. Damu ilimtoka puani na masikioni, ikasukuma nje vizibo vyake.

Msimamizi akaokota lile kufuli, akanitia mkononi. "Hakufunga," akasema. "Umenielewa?" Nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa.

Aliyenipasua kichwa ni fundi mwenzake wa zamu. Alimwona akifunga. Alinifuata chumba cha kubadilishia nguo akanipiga kwa spana namba thelathini na mbili, akanipiga tena nikiwa chini, na kesho yake akafukuzwa kazi yeye. Sikusema kitu.

Kufuli ninalo. Natembea nalo. Tunajua sisi watatu, na sasa wewe. Choma.


18 Juni

Mwanangu,

Sina salamu, nina haraka, dereva anasubiri injini inawaka.

Sikuichoma. Siku nne nilikaa nayo ndani ya gauni, kila nikimlisha Mama Mrefu inanikwaruza. Nilisema nitanyamaza. Uwongo ninaujua, ningeuweza hata huu.

Jana adhuhuri yule mwanaume akaingia kwangu, mlango kauvunja kwa bega. Alimkuta mkewe kitandani. Akamshika shingo kwa mikono miwili, akamwinua kama anavyoinua nyama kwenye ndoano, anamwambia, "Useme. Useme ulinizalia mzembe." Na yeye anajaribu kusema, mwanangu! Sauti haitoki lakini midomo naiona, anakubali, anataka kukubali. Nikampiga na mchi mgongoni, hakugeuka. Nikampiga kichwani, damu ikamshuka, hakugeuka. Uso wa shoga yangu ukawa wa zambarau.

Nikapiga kelele, "Mwanao alifunga! Alifunga, walimkatia kufuli!"

Akamwachia. Mama Mrefu akaanguka anakohoa. Hata vifaranga wa nje nikawasikia. Akauliza, "Nani alikata?"

Naapa kwa maziwa niliyokunyonyesha, sikutaja mtu. Lakini alinitazama, na mimi uso wangu haujui kufunga mlango. Akasoma.

Leo alfajiri amepanda basi. Kisu kirefu cha kuchunia kakifunga kwenye gazeti, kakishika kama mkate. Nimekimbia kwa muuza duka, amepiga namba yako mara tisa, haipatikani, uliizima mwenyewe. Nimempa dereva huyu barua. Ameniambia wazi kwamba yule amemtangulia kwa nusu siku.

Nimekuuza, mwanangu. Nilikuwa namwokoa mtu mmoja mikono ikamfikia mwingine. Kama unasoma hii bado unayo shingo, kimbia. Usichukue hata nguo.

Mama Mrefu yupo uani. Tangu jana hajanitazama.

Mama yako, kama bado unaniita hivyo


6 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuita hivyo na nitakuita hivyo.

Barua yako niliisoma hospitali. Taya langu limefungwa waya, nakunywa kwa mrija, kusema siwezi, kuandika naweza.

Alinisubiri getini Ijumaa, zamu ilipokuwa inabadilishana. Nilimwona kabla hajaniona, na lile gazeti nikaliona. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nikaenda wa mbele. Nikamwambia, "Shikamoo baba."

Akauliza, "Alifunga?" Nikamwambia alifunga. "Wewe ndiye uliyekata?" Ni mimi. Watu walianza kusimama. Akauliza tena, polepole kabisa, "Mwisho wake alimwita nani?"

Ningeweza kumwambia alikuita wewe. Nilikuwa nalo hilo neno mdomoni, Mama, na lingeniokoa. Nikasema, "Aliniita mimi."

Hapo ndipo aliponipiga. Alitumia mpini, si makali. Nilisikia taya likivunjika ndani ya sikio langu, meno yakaja kwenye ulimi kama changarawe. Akanipiga tena nikapiga magoti. Akaukunjua ule mkono wake, gazeti likaanguka.

Msimamizi akatoka mbio ofisini anapayuka, "Mzee, hakukuwa na kufuli! Mwanao hakufunga, ni mzembe tu!" Laiti angenyamaza. Yule mzee aligeuka, akamwingiza kisu chini ya mbavu na kukizungusha mara moja, bila hasira, kama mtu aliye kazini. Walinzi wakamvaa kwa marungu. Walimpiga miguu, walimpiga kichwa, alikuwa ameshalala chini na wao wanaendelea, wafanyakazi wanashangilia, sijui wanamshangilia nani. Nilitambaa nikamlalia mgongoni. Marungu mawili yalinipata mimi, ndipo wakaacha.

Polisi alipofika nilimtia kufuli kiganjani. Hospitali nikaandika kurasa nne kwa mkaguzi wa kazi. Nimeandika kadi, nimeandika malori, nimeandika nani alisema kata na nani alikata. Fundi aliyenipasua kichwa ameitwa, naye ameeleza. Msimamizi yu hai, amekatwa utumbo kipande, anakana kila kitu. Mzee amefungwa pingu kitanda cha wodi ya wanaume, mguu mmoja hautapona.

Kesi yangu ni tarehe 14 Agosti. Watu wananiambia nimwachie msimamizi mzigo wote. Sitafanya hivyo. Hakimu akiuliza nitasimama, waya ukiwa umetolewa nitasema, usipotolewa nitainua mkono.

Barua ile ya kiwanda uliisoma wewe mbele za watu. Na hii msomee Mama Mrefu, yote, pamoja na ile ya peke yake. Usiruke pale aliponiita.

Wewe usije. Kaa naye.

Binti yako


21 Julai

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Vifaranga wamebaki saba. Mvua imekatika, paa sasa linavuja jua.

Nilimsomea. Nilifunga mlango, yaani niliuegesha maana bawaba hazipo, nikamweka kwenye kigoda, nikasoma zote mbili. Nilisoma kwa sauti yangu hii mbovu, nadhani mtaa mzima umesikia. Nilipofika pale pa "Dada" nilitaka kuruka. Sikuruka.

Akainuka akanipiga. Alinipiga kwa mkono mzima na kwa ule uliovunjika wenye plasta, alinipiga usoni, kifuani, kwenye sikio langu moja linalosikia. Plasta ikapasuka vipande. Akanivuta nywele akanigongesha kwenye mbao, ule ukuta wetu ukalia. Alikuwa anapumua tu kama mtu anayetwanga. Mimi sikuinua mkono, wala mlango sikuutazama. Kwa baba yako nilikuwa nakaa kwa woga. Safari hii nilikaa kwa sababu nilitaka amalize.

Alichoka, akateleza na ukuta akakaa chini, miguu ameinyoosha kama mtoto. Na mimi nikakaa, jicho moja limeshaziba. Tukakaa hivyo mpaka chai ya asubuhi ikawa baridi kabisa jikoni.

Kisha akaniambia, "Mwanangu hakuwa mzembe."

Nikamwambia hakuwa.

Akapangusa pua kwa kanga. Akauliza, "Hilo basi la kwenda kwenye kesi linaondoka saa ngapi?"

Nimekata tiketi mbili. Sijui anakuja kukutetea au kukutazama ukifungwa, sijamuuliza.

Mama yako